Mkono Uliofunga Wigo

Bi Mwanamina hakuanza na watu. Alianza na wigo.

Mpunga ulikuwa umesimama bondeni chini ya Ruaruke, umeiva hata umeinama, na kwenye njia ya kuingilia shambani Jumbe Abdurahmani alikuwa amechomeka tawi bichi lililofungwa kitambaa cheupe. Maana yake kila mtu aliijua: asivune mtu hapa mpaka shauri liishe. Wasioijua ni ndege peke yao. Walishuka makundi kwa makundi, na juu ya dungu dogo la fito Tabu binti Khamisi, mwanamke aliyeupanda mpunga ule, alikuwa akivuta kamba ya vifuu, mtoto mgongoni, akiamia ndege wasile mavuno ambayo keshokutwa huenda yakawa si yake.

Shauri lenyewe lilikuwa fupi. Zaidi bin Mshamu alirudi kutoka Kibiti siku ya Jumatatu, akakuta shamba alilorithi kwa babu yake limejaa mpunga wa mtu mwingine. Tabu alikuwa amelima pasipo pake. Hilo halikuwa na ubishi. Hata yeye mwenyewe alipoonyeshwa alikaa chini pale pale kwenye tope.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa vita, askari wa Mdachi walipita bondeni wakachoma madungu yote. Tabu aliporudi kupanda, miezi sita iliyopita, alikuta vigutu vinne vya nguzo zilizoungua, akasema hili ndilo dungu letu, akahesabu shamba kuanzia hapo kwenda msituni. Ndivyo wanavyohesabu watu wote wa bonde lile, maana mafuriko hufuta kila kitu, ila nguzo za dungu hubaki. Hakujua kwamba nguzo za dungu la mumewe askari walizing'oa kabla ya moto, wakafungia chelezo cha kuvukia mto. Vigutu vile vilikuwa vya jirani, vya Zaidi.

Sheria ya bonde ilikuwa nyepesi kuisema. Mtu akilima kwa kukosea, na mwenye shamba hakujua, mwenye shamba anavuna na mlimaji anarudishiwa mbegu yake. Lakini mwenye shamba akijua akanyamaza, akamwacha mwenzake atoke jasho hadi mwisho, mavuno yanafuata jasho.

Zaidi alisema hakujua. Tangu vita yuko Kibiti, hakutia mguu bondeni. Alikuwa tayari kurudisha mbegu, pishi tatu, mbele ya watu, leo hii, na aliyasema hayo kwa upole hata wengine wakamwona muungwana.

Pishi tatu, mwaka ule wa njaa. Watu walikuwa wanachimba ndiga porini, wanailoweka mtoni siku tatu ili sumu itoke, na wasiokuwa na subira ya siku tatu walizikwa. Tabu alikuwa ameificha mbegu ile kwenye kibuyu chini ya mafiga. Mtoto wake mkubwa alikufa na njaa kando ya mafiga hayo hayo, na kibuyu hakikufunguliwa. Sasa alibaki huyu wa mgongoni.

Jumbe alimpa Bi Mwanamina mpaka Ijumaa kabla ya sala. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Bi Mwanamina alikuwa mshika kamba wa bonde, kama mama yake kabla yake. Maji yakishuka na watu wakigombania mipaka, ndiye aliyeshika ncha ya kamba ya kupimia, hatua ishirini kamili. Watu walisema kamba ya Mwanamina haina shangazi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na akikuuliza jambo alikuwa na tabia ya kutazama mikono yako, si uso.

Akauzunguka wigo pole pole. Ulikuwa wa namna mbili. Upande wa mto na mbavuni fito zilikuwa nyembamba, zimefungwa kwa ukindu, vifundo vidogo vidogo vilivyorudiwa mara mbili tatu, kazi ya mtu asiye na nguvu nyingi ila ana hofu nyingi. Upande wa msitu mambo yalikuwa mengine. Huko ndiko wanakotokea nguruwe. Huko miti ilikuwa minene, imezamishwa hasa, na imefungwa kwa kamba za gome.

Akafungua kifundo kimoja. Akalitafuna gome, akatema.

Myombo. Na myombo hauoti bondeni. Unaota juu kwenye nchi kavu, njia ya Kibiti, na kule kwenye vilima vya Wamatumbi. Tena gome lilikuwa limetoka kipande kimoja kirefu, ndani laini kama ulimi. Wakati wa jua gome la myombo humng'ang'ania mama yake, linatoka vipande vipande. Hili lilibanduliwa masika, mti ukiwa umeshiba maji. Basi aliyefunga wigo alitoka nchi ya juu, miezi miwili mitatu iliyopita, akabeba kamba zake begani hadi hapa.

Nje ya wigo palikuwa na kitu kingine. Mpunga wa Tabu haukuishia kwenye wigo. Uliendelea mbele hatua kama kumi kuelekea matete, au tuseme ulikuwa ukiendelea: nguruwe walishaufukua wote, yamebaki mashina na mashimo. Na juu ya mti mmoja wa wigo palikuwa na bakuli la udongo, limefunikwa kifudifudi, safi.

Bi Mwanamina alilinusa. Kisha akamwita Tabu ashuke.

"Wigo huu wa msituni nani kafunga?"

"Miye," Tabu akasema.

"Peke yako?"

"Na nani tena, Bi Mwanamina? Vita imeniachia nani?"

Bi Mwanamina akamwomba amfungie mzigo wake wa kuni kwa kipande cha gome lile lile. Tabu akaufunga. Vifundo vilikuwa vidogo vidogo, vimerudiwa mara tatu. Bi Mwanamina aliutazama mzigo, akautazama wigo.

"Na hatua kumi hizi mbona umeziacha nje?"

"Miti iliisha."

"Msitu huu hapa, miti ikaisha?"

Macho ya Tabu yalikuwa kwenye bakuli. Alipoona mwenzake analishika, alilichukua haraka akalitia kwenye kanga. La kunywea maji, akasema, na Bi Mwanamina akaitikia tu, ingawa bakuli lilikuwa na harufu ya kambale wa kukaushwa kwa moshi, na maji ya bonde hayajawahi kunuka hivyo.

Jambo lilianza kuwa baya. Mwanamke anayesema uongo juu ya wigo ana mtu msituni. Na kama ana mtu msituni mwenye kutoka nchi ya juu, anayejua kazi, basi watu watauliza: mtu huyo naye hakujua kwamba shamba si lenu? Kosa la kweli litageuka wizi wa watu wawili. Zaidi akilijua hilo, hata pishi tatu hatatoa.

"Tabu mwanangu," akamwambia, "ukinidanganya kwenye wigo, Ijumaa hawatakusadiki kwenye mpunga."

"Basi waulize ndege," Tabu akajibu. "Wao wameniona tangu asubuhi ya kwanza." Akapanda dunguni, akavuta kamba, vifuu vikalia bonde zima.

Kila mtu Ruaruke alijua mtu ambaye angekuwa msituni. Bashiru, mume wa Tabu, alikwenda Ngarambe kuchukua maji ya dawa, pamoja na Zaidi huyu huyu. Walikuwa wamechanjiana tangu ujana, damu ya huyu imo mwilini mwa yule, chale tatu kwenye mkono wa kulia, ndiyo maana Tabu alimwita Zaidi shemeji. Walirudi na mabua ya mtama wamefunga vichwani, wakaenda vitani. Zaidi akarejea peke yake, akaishia Kibiti. Alisema walipotezana mtoni, kwenye kuvuka. Hakuna aliyeuona mwili. Na mtu aliyepigana, kama yu hai, hawezi kutoka hadharani: akida alikuwa na orodha, na jumbe aliyekuwapo kabla ya Abdurahmani alitundikwa kwa orodha hiyo.

Basi Bi Mwanamina alilala nusu usingizi, na alfajiri ya Alhamisi akashika njia ya Kibiti, njia ile ile ya myombo.

Habibu, mwenyeji wa Zaidi kule Kibiti, alikuwa mtu wa maneno mazuri. Alimkaribisha barazani, akaapa kabla hajaulizwa. Zaidi alikaa kwake tangu vita hadi Jumatatu hii, hakutoka uani, kama kigingi. Alisema kigingi mara tatu. Alisema kwamba mtu yule ni mpole, mcha Mungu, hana makuu, na kwamba bonde lile lina watu wasiopenda haki za wenzao. Bi Mwanamina alimshukuru, akauliza kama anaweza kwenda nyuma kumwamkia mama wa nyumba.

Chiku, mke wa Habibu, alikuwa anamenya ndiga. Bi Mwanamina alikaa, akachukua kisu cha pili, akamenya naye. Walizungumza habari za kuloweka, za nani kafa na nani kahama. Jina la Zaidi liliingia katikati ya mazungumzo kama jina la mtu yeyote.

"Kigingi?" Chiku akacheka kwa pua. "Mume wangu anaapa kwa macho ya mgongoni. Kigingi hicho kiling'oka kila baada ya Ijumaa mbili, mwenzangu. Anachukua kapu, anakwenda kuchimba ndiga, ati upande wa Mahege. Siku ya tatu anarudi, kapu jepesi."

"Hakupata?"

"Hakupata. Lakini nikuulize weye mtu mzima. Mtu kashinda siku mbili porini hana kitu, akifika nyumbani akaona chungu, macho yanakwendaje?"

Bi Mwanamina akasema yanakwenda chunguni.

"Ya huyu hayakwenda. Anakaa, anapiga mwayo, anasema wapeni watoto. Nikasema lahaula, nina walii nyumbani. Mpaka siku moja nikampa maji ya kunawa." Chiku akaacha kumenya. "Vidole vinanuka kambale. Nikamwambia, shemeji, Mahege siku hizi kuna mto? Akacheka. Basi na miye nikacheka. Njaa hii, mtu akipata chake unamwuliza nini?"

Bi Mwanamina alimenya ndiga nzima kabla hajauliza tena. Akauliza kama kuna mtu wa bondeni aliyefika pale wakati wa masika. Chiku akasema yuko mmoja tu, mke wa yule rafiki yake aliyepotea. Alikuja na mikeka, akabadilisha kwa mhogo mkavu, akalala usiku mmoja. Asubuhi alikaa na Zaidi pale jikoni, wakinong'ona kama wanaoficha moto. Waliyosema hakuyasikia. Aliloliona ni kwamba mwanamke yule alikuja akiwa amekunjamana, na aliondoka uso umemng'aa kama bibi harusi.

"Na ndiga za Mahege," Bi Mwanamina akauliza, "alianza kwenda kabla ya mgeni huyo, au baadaye?"

Chiku akafikiri. Mara mbili kabla, akasema. Mara ya kwanza alirudi na njaa. Mara ya pili alitoka na mzigo wa kamba za gome begani, ati za kufungia kapu, na alirudi na njaa tena na mikono imechunika. Baada ya mgeni kuondoka, ndipo alipoanza kurudi ameshiba.

Bi Mwanamina akaweka kisu chini, akaomba ruhusa ya kuondoka.

Alipofika Ruaruke jua halijazama bado. Hakwenda kwa Tabu. Alikwenda kwa jumbe, akamwomba jambo moja: shauri lisikalishwe barazani, likalishwe shambani, asubuhi, na Zaidi mwenyewe awaonyeshe watu mipaka yake. Jumbe akauliza kwa nini. Akajibu kwamba kamba haipimi baraza.

Ijumaa asubuhi walikuwa watu sita. Jumbe Abdurahmani, wazee wawili, Bi Mwanamina na kamba yake, Zaidi katika kanzu iliyofuliwa, na Tabu juu ya dungu, maana ndege hawangoji shauri. Zaidi alimwamkia shemeji yake kwa heshima. Akamwambia asihuzunike, pishi zake tatu ziko tayari, hata ataongeza ya nne kwa ajili ya mtoto. Mzee mmoja akasema, "Huyo ndiye mtu."

Bi Mwanamina alimwomba awaonyeshe shamba lilipoanzia na linapokomea. Zaidi hakusita. Alianza kwenye vigutu vya dungu, akakata katikati ya mpunga kwa hatua za mtu anayekwenda kwake, akafika kwenye wigo wa upande wa msitu, akaweka mkono juu yake.

"Hapa. Babu yangu alikomea hapa, na mimi nakomea hapa. Mbele ni matete, si ya mtu."

"Una hakika? Si kule nguruwe walikokula?"

"Kule ni kwa Mungu," Zaidi akasema, na wazee wakacheka.

Bi Mwanamina akampa jumbe ncha ya kamba aishike kwenye vigutu, akapima mwenyewe. Kamba moja. Ya pili. Ya tatu, na ncha yake ikagusa mti wa wigo, haikuzidi shubiri wala haikupungua. Akawauliza wazee shamba la Bashiru, hilo la pembeni, ni kamba ngapi tangu enzi ya baba yake. Wakasema tatu na nusu.

"Basi ndiyo maana mpunga umekwenda tatu na nusu," akasema. "Tabu alihesabu shamba la mumewe kuanzia kwenye vigutu vya Zaidi. Kwa kuwa hakuujua mpaka wa Zaidi, aliupita kwa hatua kumi bila kujua. Kosa lake lote limeandikwa hapa chini, mnaliona kwa macho." Akauweka mkono wake juu ya wigo, karibu na mkono wa Zaidi. "Lakini aliyefunga wigo huu hakukosea. Kaupitisha juu ya mpaka kama aliyewekewa uzi. Hatua kumi za mpunga mzuri kaziacha nje, nguruwe wale. Sasa nauliza, Zaidi. Nani aliyeujua mpaka wako, akaulinda mpunga uliomo ndani yake, na uliobaki hakuuonea uchungu?"

Zaidi akauondoa mkono wake wigoni.

"Amefunga huyo huyo aliyelima."

"Angeujua mpaka wako, leo tungekuwa hapa?"

Wazee hawakucheka. Zaidi aliwatazama mmoja mmoja, kisha akatazama msitu, na uso wake ukapata upole ule ule wa Jumatatu. Akasema basi ataongea, ingawa hakutaka, kwa kuwa ni siri ya watu. Wigo umefungwa na Bashiru. Bashiru yu hai, anajificha, na mipaka ya bonde hili anaijua yote. Akamwomba jumbe neno hilo lisimfikie akida.

Kamba ya vifuu ikaacha kulia. Ndege wakashuka juu ya mpunga, na Tabu hakuwafukuza.

"Waambie, shemeji," Zaidi akasema, ameinua uso kwenye dungu. "Si uliniambia mwenyewe?"

"Alikuambia lini?" Bi Mwanamina akauliza.

Zaidi akapangusa tope kwenye kanzu. Bi Mwanamina akaendelea.

"Weye hukutia mguu bondeni, hukujua kama kuna mtu analima. Alikuambia lini kwamba ana wigo, na ana shamba la kuzungushia wigo?"

Jumbe Abdurahmani alikuwa bado ameishika ncha ya kamba. Sasa akaiachia.

Tabu alishuka. Alikuja na mtoto mgongoni na bakuli mkononi, akasimama mbele ya jumbe, akasema yote kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilicho mbali. Asubuhi moja ya masika alirudi kutoka porini, alikokaa siku mbili akichimba ndiga, akakuta upande wa msitu umefungwa. Moyo wake ukasema ni Bashiru. Alizunguka wigo mzima akigusa kila kifundo. Hakuthubutu kumwambia mtu, kwa ajili ya orodha. Alimwambia mmoja tu, aliyechanjiana damu na mumewe, akaenda kwa miguu hadi Kibiti kumwambia. Akamweleza na shamba lilipo, pale pale palipo vigutu. Akamwuliza kama ni salama kumwekea Bashiru chakula.

"Akasema nini?" jumbe akauliza.

"Akasema, weka, shemeji. Weka kila baada ya Ijumaa mbili, na usikae kungoja, atakuogopa."

Basi akaweka. Kambale, na mlenda, na mara moja boga zima. Siku hizo yeye na mtoto walikunywa maji ya kulowekea pumba. Alfajiri alikuta bakuli limeoshwa, limefunikwa juu ya mti, na alirudi dunguni akiimba. Kuhusu hatua kumi zilizoachwa nje, aliona labda miti ilimwishia Bashiru, labda alisikia askari, akakimbia.

"Bashiru angekuzungushia zote," Bi Mwanamina akasema. Alisema taratibu, na bila kumtazama mikono. "Tena angejua kwa jicho moja kwamba si shamba lenu. Asingefunga hata mti mmoja kabla hajakwambia."

Tabu akaitikia kwa kichwa. Ilionekana alikwishajua tangu kamba ya tatu ilipogusa wigo.

Zaidi naye sasa aliacha upole. Akasema sawa, alikuja, aliona, alifunga. Shamba ni lake, mtu kufunga wigo wa shamba lake ni haramu? Nani alimwita Tabu aje alime pale? Nani alimdanganya? Alikuta kosa limeshafanyika.

"Ungemwambia siku ile ya kwanza," mzee mmoja akasema, yule yule aliyemsifu, "mpunga ulikuwa haujafika gotini. Angewahi kupanda kwao."

"Sikuulizwa."

"Na chakula?" Bi Mwanamina akauliza.

"Kilikuwa kimeshawekwa," Zaidi akasema.

Akatazama huku na huku kana kwamba amesema neno la haki linalongoja kuungwa mkono. Hakupata wa kumwunga. Jumbe alikwenda mpaka njiani, akaling'oa lile tawi bichi, akakifungua kitambaa, akakitia mfukoni. Akasema mavuno yanafuata jasho, yote, mpaka punje ya mwisho, na udongo utarudi kwa mwenyewe siku mabua yatakapokatwa. Atakayekuwa na neno aje nalo msikitini, muda wa sala unakaribia. Wazee wakaanza kujikung'uta matope miguuni.

Tabu alikuwa ameshinda. Kisu chake cha kuvunia kilikuwa kiunoni, mpunga ulikuwa mbele yake, na hakuna aliyemzuia. Lakini hakwenda mpungani. Alikwenda mpaka alipo Zaidi, akamnyooshea bakuli, na Zaidi kwa mazoea akalipokea.

"Shemeji," akamwambia, "miezi mitatu umekuja kula chakula cha Bashiru. Ulikaa hapa hapa, ukala mpaka ukaosha na chombo. Hukukimbia. Hukuacha mabaki, japo kidogo, kwa mwenyewe." Mtoto alilia mgongoni, akampigapiga bila kugeuka. "Ulijuaje kwamba mwenyewe hatakuja?"

Wazee waliokwisha kuanza kuondoka wakasimama. Bi Mwanamina alifanya kama afanyavyo siku zote, akatazama mikono. Mkono wa kushoto wa Zaidi ulikuwa umeshika bakuli. Wa kulia ulikuwa wazi, na zile chale tatu zilionekana, nyeupe, zimekomaa.

Zaidi akateremsha mkono wa kanzu, akazifunika.